Umepata mkataba wa uuguzi kwenye makazi ya wakimbizi? Anza hivi

Kazi yangu ni ya mikataba mifupi, na mingi nimeifanya magharibi mwa Uganda: Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja. Wadogo zangu wanaotoka chuoni huniuliza waanzie wapi. Haya, sikilizeni.

Kabla ya kupanda basi, tazama leseni yako ya Baraza la Wauguzi na Wakunga inaisha lini. Kama itaisha katikati ya mkataba, ihuishe ukiwa bado mjini. Kutoka Kikuube, wilaya iliko Kyangwali, hadi Kampala kufuata karatasi ni kuchoma nauli bure. Mkataba usome hadi mwisho. Nyumba unapewa au unapanga? NSSF, ile akiba ya uzeeni, imetajwa? Mwajiri anatakiwa kukuwekea asilimia 10 ya mshahara, wewe unakatwa 5. Nimewahi kufanya kazi mahali walipokuwa wanakata ile 5 na hakuna kilichofika, kwa hiyo angalia salio lako kwenye simu kila mwezi.

Beba pesa ya kula ya mwezi mzima, maana mshahara wa kwanza hauna haraka. Beba neti, gambuti, tochi ya kichwani na saa yenye mshale wa sekunde. Simu ikiisha chaji, pumzi za mtoto mwenye nimonia utazihesabu kwa nini?

Ukifika, ripoti kwa inchaji, yaani mkuu wa kituo, kisha mtafute mtu wa usafi na askari wa getini. Hao ndio wanaojua ufunguo wa stoo unalala kwa nani na dereva wa ambulansi anapatikana wapi saa nane za usiku. Na maneno ya "kule nilikotoka tulikuwa tunafanya hivi" yaweke kwanza mfukoni.

Zamu ya kwanza, hata foleni ikiwa imefika nje, kagua vitu vya dharura kwa mikono yako. Mtungi wa oksijeni usiuamini kwa kuuona umesimama: fungua valvu, soma geji, na hakikisha spana yake iko hapo hapo, haijafungiwa ofisini. Chukua ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, ziba mdomo wake kwa kiganja, ubonyeze. Ikibonyea kama mfuko mtupu, inavuja. Tafuta barakoa ya mtoto mchanga. Ya mtu mzima huwa ipo, hiyo ndogo ndiyo hupotea. Hesabu atesuneti ya sindano, ya malaria kali, na magnesiamu ya kifafa cha mimba. Oksitosini, ya kuzuia damu baada ya kujifungua, inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kadi ya joto la friji nayo ichunguze: leo ni Jumatano na imeshajazwa hadi Ijumaa? Basi umeshakijua kituo chako.

Ukipangiwa upande wa Ziwa Albert, ulizia maandalizi ya kipindupindu. Mwaka 2018 kilizuka Kyangwali wakati watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita vya Ituri, Kongo. Mtu mzima aliyekaukiwa maji vibaya anahitaji mililita 100 za dripu ya Ringer kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu. Mwenye kilo 50, hizo ni lita 5. Ingia stoo, hesabu chupa, ugawanye mwenyewe uone zinatosha wagonjwa wangapi.

Wakongo wengi mtaelewana kwa Kiswahili. Lakini kituo ni cha wenyeji pia, na huku Bunyoro mtu husalimiwa kwa empaako yake, jina la heshima na upendo: Amooti, Akiiki, Abwoli. Bibi akikuuliza yako, usimjibu kwamba huna. Mwombe akupe. Siku hiyo hiyo utaitwa hivyo hadi sokoni.

Kuhusu ripoti, uliza mapema nani anajaza fomu za takwimu za Wizara ya Afya: 033b ya kila wiki na 105 ya kila mwezi. Mgeni akinyamaza, zote mbili humwangukia yeye. Na mkataba ukiisha, barua ya utumishi idai kabla hujarudisha ufunguo wa nyumba. Ukishapanda basi, hakuna atakayepokea simu yako.