Nenda Kliniki na Namba za Mashine Yako ya Usingizi

Ikiwa unatumia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa unapolala, kwa ajili ya tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini, usimpe daktari jibu la "naendelea vizuri" peke yake. Mashine nyingi za siku hizi huhifadhi kumbukumbu za kila usiku, ama kwenye kadi ndogo ama kwenye programu ya simu, na mambo matatu yanatosha kuandikwa daftarini: saa ulizovaa barakoa, kiasi cha hewa iliyovuja, na wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa saa moja. Kwa kawaida hulengwa wastani ulio chini ya 5.

Kinachosumbua wengi ni uvujaji. Ukiamka ulimi umegandamana na kaakaa kwa ukavu, huenda hewa inatorokea mdomoni, na namba za usiku wa namna hiyo si za kuaminiwa sana, hata zikipendeza. Kwa hiyo beba barakoa yenyewe, uombe ijaribiwe ukiwa umelala, kwa sababu ile inayokaa vyema ukiwa umeketi aghalabu huhama kichwa kikigusa mto. Shinikizo la hewa usilibadilishe kimyakimya. Toa pendekezo, mkubaliane, kisha andika tarehe ya badiliko ili siku za kabla na za baada ziweze kulinganishwa. Na ikiwa bado unasinzia mchana, kwenye daladala au, hatari zaidi, ukiwa unaendesha gari, ilhali namba zote ziko sawa, anza na hilo kabla hata ya kufungua daftari.