Kupima jinsi neuropeptaidi Y inavyobana mishipa ya jicho, hatua kwa hatua

Neuropeptaidi Y, au NPY kwa kifupi, ni mnyororo wa amino asidi 36 unaotolewa na neva za simpathetiki (zile zinazoandaa mwili kwa dharura) pamoja na noradrenalini, kemikali yao kuu ya kupeleka ujumbe. Ndani ya jicho hubana mishipa ya koroidi (tabaka la mishipa ya damu nyuma ya retina), irisi na siliari bodi (sehemu inayotengeneza maji ya jicho). Tatizo ni kwamba ukiidunga kwenye damu, hupandisha pia presha ya mwili mzima, kwa hiyo kipimo kimoja peke yake kitakudanganya. Utaratibu ufuatao ni wa sungura aliye kwenye nusukaputi mwanzo hadi mwisho, na kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 1: Presha ya damu
Ingiza mrija kwenye ateri ya paja, kisha weka kipima presha usawa wa jicho. Fuatilia joto la mwili na kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda, koroidi hutanuka yenyewe na jaribio limeharibika hata kabla ya kuanza.

Hatua ya 2: Presha ya jicho
Sindano nyembamba iliyounganishwa na kipima presha inapita kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, hadi chumba cha mbele, nafasi yenye maji iliyo nyuma yake. Hapa usiharakishe. Jicho la sungura halivumilii kuchokozwa: kulitoboa tu huamsha prostaglandini (kemikali za uvimbe), protini huvuja na presha hupanda. Ndiyo maana indometasini, dawa inayozuia prostaglandini, hutangulia. Mstari kwenye skrini lazima ucheze na mapigo ya moyo. Ukinyooka, sindano imeziba au imegusa irisi. Irekebishe, usiandike namba hiyo.

Hatua ya 3: Mtiririko
Dunga vitufe (vijipira vidogo sana) vya mikromita 15 kwenye ventrikali ya kushoto ya moyo. Havipiti kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, hivyo hunasa kwenye kila tishu kulingana na damu inayoifikia. Wakati huohuo vuta damu ya ateri kwa kasi unayoijua; hiyo ndiyo rejea yako: ukilinganisha vitufe vilivyomo na vile vya tishu unapata mtiririko. Piga kipimo kimoja kabla ya NPY na kingine wakati inaingia, kwa vitufe vya alama tofauti.

Hatua ya 4: Hesabu
Watu wengi huishia kwenye mtiririko. Mimi siamini matokeo yasiyo na ukinzani, yaani jinsi mishipa inavyozuia damu kupita. Presha ya kusukuma damu ni wastani wa presha ya ateri kutoa presha ya jicho. Igawe kwa mtiririko, upate ukinzani.

Tuseme mwanzoni ateri ni milimita 80 za zebaki, jicho 20 na mtiririko mikrolita 600 kwa dakika: 60 ÷ 600 = 0.10. Baada ya NPY, ateri 95, jicho 17, mtiririko 390: 78 ÷ 390 = 0.20. Damu imepungua asilimia 35, lakini ukinzani umeongezeka maradufu. Kupanda kwa presha ya damu kulikuwa kunaficha sehemu ya mbano.

Presha ya jicho ikishuka kidogo mwanzoni, usikimbilie kusema umepata dawa ya glaukoma, ugonjwa wa jicho unaotibiwa kwa kushusha presha hiyo. Koroidi iliyobanwa hubeba damu kidogo, na nafasi hiyo pekee inatosha kushusha namba kwa muda.

Hatua ya 5: Neva yenyewe
NPY ya sindano hufika macho yote mawili, kwa hiyo jicho la pili haliwezi kuwa la kulinganishia. Chochea neva ya simpathetiki ya shingo upande mmoja, kwa masafa ya juu kwa sababu ndiyo hutoa NPY zaidi, baada ya kuzuia vipokezi vya alfa (sehemu za seli ambazo noradrenalini hushika ili kubana mishipa) kwa dawa ya fentolamini. Mbano unaobaki haujatokana na noradrenalini kwenye vipokezi hivyo. Kisha ongeza kizuizi cha Y1, kipokezi cha NPY: mbano ukiyeyuka, NPY ndiyo iliyokuwa kazini.