Lima Bonde la Zigi Ukijua Shamba Lako Limekaa Wapi

Masika yakikolea, nenda kasimame darajani kwenye Mto Zigi asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa, uangalie rangi ya maji. Wekundu ule ni udongo wa juu wa mashamba ya Misalai, Zirai na Mbomole, ule wenye rutuba, ukiteremka kwenda bwawa la Mabayani. Ukishafika huko, hakuna mkulima atakayeurudisha. Nimefanya kazi na wakulima wa milima hii ya Usambara Mashariki kwa misimu mingi, na jambo linaloniumiza zaidi ni kumwona mtu akinunua mbegu bora, akapalilia kwa wakati, halafu mvua za wiki moja zikampokonya kile alichokuwa anakitegemea.

Zigi ni mto mfupi, wa kilomita 100 hivi. Unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, katika mwinuko wa takriban mita 1,000, unaporomoka kupitia mabonde membamba, unaungana na Kihuhwi, unajaza Mabayani ambako wakazi wa jiji la Tanga wanapata maji ya bomba, kisha unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa jiji, jirani na Amboni. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko pwani. Kwa hiyo mvua nyingi zaidi inanyesha palepale penye mteremko mkali zaidi. Ushauri unaomfaa mkulima wa Muheza tambarare unaweza kumfilisi wa Amani.

Tuanze juu. Udongo wa Amani unadanganya. Ukiona msitu ulivyonona unadhani ardhi ina utajiri usiokwisha, kumbe udongo wenyewe ni mzee, umeoshwa na mvua kwa karne nyingi na una tindikali. Rutuba yake imo kwenye tabaka jembamba la juu na majani yanayooza. Ndiyo maana historia ya iliki huku imejirudia kwa familia nyingi: babu alipanda chini ya kivuli cha msitu, akavuna vizuri miaka kadhaa, mavuno yakapungua, miti ikakatwa, pakapandwa mahindi na mihogo, na baada ya misimu michache yakabaki magugu na udongo mgumu. Tukiendelea kufyeka na kuchoma kila mwaka tutafika hukohuko, hata tukitumia mbegu gani.

Dawa ya kwanza ni kulima kwa kukata mteremko, yaani kwa mistari ya usawa inayoukingama mlima, na kifaa cha kuipimia utakitengeneza nyumbani. Chukua fito mbili za mita mbili, zifunge ncha za juu, weka ufito wa tatu katikati kukingama, upate umbo la herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Tafuta kwanza alama ya usawa: simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa ufito wa kati, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili, katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Sasa tembeza fremu shambani ukipigilia vijiti kila mguu unapokaa sawa. Mstari utajipinda kufuata mlima, uache ujipinde. Wengi hunyoosha ili shamba lipendeze, na hapo maji yanapata njia.

Kujua mstari unaofuata uwe wapi, shuka kutoka mstari wa juu, ugeukie mlima na kutazama mbele kwa usawa wa macho. Macho yakigusa ardhi palepale penye mstari wa juu, hapo uliposimama ndipo pa kupimia mstari mwingine. Mteremko ukiwa mkali mistari itasogeleana yenyewe.

Kwenye mistari hiyo panda majani ya Guatemala au matete, safu mbili zinazopishana, sentimita 30 kati ya kipando na kipando. Mwenye nguvu kazi achimbe fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukirushwa upande wa juu, majani yakapandwa juu ya tuta. Binafsi, kwa familia yenye mikono michache napendelea majani peke yake. Udongo utajikusanya nyuma yake msimu hadi msimu mpaka ngazi ijitengeneze. Tena majani hayo ni chakula cha ng'ombe wa ndani. Nimeona wakulima wakiacha kutunza mitaro mara tu mafunzo yalipokwisha, lakini mwenye ng'ombe wa maziwa hawezi kuyasahau majani yake. Samadi ikirudi shambani, udongo ule wenye tindikali unaanza kupumua.

Mahali ambapo mtu hawezi kusimama bila kushika mti, usipande mahindi kabisa. Hapo ni pa viungo, na Muheza ina sifa yake kwa viungo. Pilipili manga ipande kwenye miti hai, kwa mfano gliricidia, kwa nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu. Mti huo huongeza naitrojeni ardhini, na matawi unayopogoa yanakuwa matandazo. Pilipili huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Karafuu itakungojesha zaidi, kwa hiyo zichanganye, na migomba iwepo ya kula wakati unasubiri. Mdalasini uvune kwa kukata shina na kuacha kisiki kichipue. Usibandue maganda ya mti uliosimama, kwa maana utakufa, na mizizi iliyoshika ukingo itaoza pamoja nao.

Kuhusu kingo za mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 ambamo shughuli za kudumu au zenye madhara haziruhusiwi. Najua kwa mwenye shamba jembamba bondeni mita 60 ni nyingi, na uchungu huo si wa kubezwa. Lakini ukingo uliolimwa hadi majini humegwa na mto, ukapoteza eneo hilohilo ulilokuwa unalipigania. Acha uoto wa asili urudi, ongeza mikuyu, mikangazi na misambu. Mbegu za msambu hutoa mafuta yanayouzika, nawe unaziokota bila kugusa jembe. Mikaratusi isikaribie chemchemi. Kama hujui mpaka uko wapi, waone viongozi wa kijiji, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, au wenzako wa UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi.

Huku chini kwenye michungwa tatizo ni jingine: watu wanapalilia kwa jembe hadi ardhi inabaki uchi. Fyeka tu, uyaache majani chini ya miti. Wa bustani za mboga kando ya maji, msioshee bomba la kunyunyizia dawa mtoni. Maji yale yanakwenda kunywewa Tanga. Osha shambani, mbali na kijito, na maji ya kuoshea yanyunyizie kwenye zao lilelile.

Kazi ya kupima ifanye Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu, ili vipando vya majani viingie ardhini na mvua za kwanza za vuli na viwe vimeshika kabla ya masika. Anzia mstari wa juu kabisa wa shamba. Ukianzia chini, maji yote ya juu yatakuja na kasi yake na kung'oa vipando vichanga. Mwaka huu pima miwili tu kama nguvu ni ndogo, mwakani uongeze mingine miwili kuteremka.