Jinsi ya kupata wasomaji wa kijarida chako huko mitandaoni

Sikia, kama una kijarida cha imeili, tuseme unaandika habari za korosho kila wiki, usibandike linki Facebook ukaondoka, huku Mtwara watu hawabonyezi linki ya mtu wasiyemjua, wanaogopa matapeli na wana haki. Anza kwa kujibu. Msimu wa minada ukifika, kwenye magrupu ya Newala, Tandahimba na Masasi kila mtu anauliza, mara bei ya leo, mara stakabadhi ghalani (ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani, unapewa risiti, kisha zinauzwa mnadani) inaendaje, mara AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wamekata nini kwenye hela yangu, wewe jibu palepale mpaka mwisho, usimwambie "njoo inboksi", hiyo inakera kweli. Ukikomaa wiki kadhaa watu wanaanza kukutag wenyewe, hapo ndo unasema mkuu, haya mambo naandika kila Jumatatu, nipe imeili yako nikuunge.

Instagram linki ya kwenye kapsheni haibonyezeki, iweke kwenye bio. WhatsApp nayo, orodha ya brodikasti inaishia watu 256 na asiyesevu namba yako meseji haimfikii, mwombe akusevu kwanza.

Halafu maswali yao ndo toleo lako lijalo. Andika "mkulima wa Nanyamba kauliza hivi", jina usitaje bila ruhusa, ila yeye atajijua na ataifowadi kwa ukoo mzima.

Wengine imeili hawafungui kabisa (mama mkubwa wangu ya kwake alifunguliwa na fundi simu, paswedi hadi leo haijui), hao watumie toleo kwa WhatsApp tu, usilazimishe.