Usisugue vyombo vya fedha kabla ya kuvipeleka mnadani

Kama umerithi vijiko, birika au sinia za fedha na unataka kuziuza mnadani, tafadhali usizisugue kwanza. Kila ukisugua unapunguza madini kidogo na kufifisha mihuri iliyogongwa chini ya chombo au nyuma ya mpini, na mihuri hiyo ndiyo inayomwambia mnunuzi anachonunua. Chukua lenzi ya kukuzia uitafute. Namba 925 maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha. 800 ni fedha pia, ila hafifu zaidi. Kwenye vyombo vya Uingereza, simba anayetembea ni alama ya fedha halisi. Ukiona EPNS, hicho kimepakwa fedha juu tu, na kwa kawaida bei yake ni ndogo. Inauma, lakini heri ujue ukiwa bado nyumbani.

Kabla ya kusaini mkataba na mnadi, uliza kamisheni yake ni asilimia ngapi, kama picha na bima zinalipiwa, na utadaiwa nini mzigo usipouzwa. Mkubaliane pia bei ambayo mnadi haruhusiwi kuuza chini yake, na iandikwe kwenye mkataba.