Namna ya Kuitazama Mother India Pamoja na Mzee Aliyempenda Nargis

Bibi yangu wa Mikindani hajui Kihindi zaidi ya maneno aliyoyaokota katika nyimbo, lakini mpaka leo ukimtajia Nargis, mwigizaji wa filamu za Kihindi, huacha alichokishika mkononi. Nimekwisha kumwandalia onyesho la Mother India, filamu aliyoigiza Nargis, mara nne, na makosa niliyoyafanya katika lile la kwanza ndiyo yaliyonifunza haya ninayokuandikia wewe mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani.

Chagua usiku usio na mvua. Mimi nilianza mwezi wa Januari, mvua ikapiga bati, spika yangu ndogo ikamezwa, na nyimbo za filamu zilizotungwa na Naushad, ambazo bibi alizisubiri kuliko kitu kingine chochote, hazikusikika. Kuanzia Juni uani panatosha: tundika shuka jeupe ukutani ikiwa umepata projekta ya kuazima, tandika mkeka, mpe mzee kiti chenye mgongo, mwanze baada ya sala ya Isha. Filamu ina dakika 172, kwa hiyo isimamishe pale watoto wa Radha, mama anayeigizwa na Nargis, wanapogeuka kuwa vijana, mzee anywe kahawa na kunyoosha miguu.

Usijitie ukalimani. Maandishi yanayopita chini ya picha ni ya Kiingereza, nami nilikuwa nikiyatafsiri kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, mpaka bibi akasema, "Mume wangu, hebu nyamaza, mimi naangalia uso." Ikiwa mzee amesahau kisa, mkumbushe kabla ya kuanza: mama mkwe wa Radha aliweka shamba rehani ili agharimie harusi, akakopa rupia 500 kwa Sukhilala, na tangu hapo robo tatu ya mavuno huchukuliwa na mkopeshaji kuwa riba. Huku kwetu kwenye korosho huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Bibi alitamka neno moja tu, "Kangomba," yaani ulanguzi wa korosho kwa bei ya kutupa, na mtu aliyewahi kuuza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa sababu ya njaa, ataielewa hasira ya Birju, mwana wa Radha, kuliko mhakiki yeyote.

Baada ya hapo kazi yako ni kujifunza kumtazama Nargis kama mzee anavyomtazama. Alizaliwa tarehe 1 Juni 1929. Sunil Dutt, anayeigiza mwanawe Birju, alizaliwa tarehe 6 ya mwezi huohuo, mwaka huohuo. Filamu ilipotoka mwaka 1957, mama na mwana wote wawili walikuwa na miaka 28. Uzee ule, basi, haukuletwa na nywele nyeupe peke yake, na ndiyo maana nakushauri uitazame mwanzo wake kwa makini: Radha mkongwe, aliyeitwa kuufungua mfereji wa maji, anavishwa shada, ananusa maua yake, na harufu hiyo inamrudisha kwenye siku ya harusi yake. Hapo mrudishie mzee kipande hicho mara mbili. Bibi anashikilia kuwa mwigizaji mwingine angelia mapema, wakati Nargis anaanza kwa kukataa kuvishwa shada lile, na mimi nimekuja kukubaliana naye, ingawa naona anampendelea.

Habari ya moto iweke mpaka mwisho. Walipokuwa wakipiga picha za marobota ya nyasi yanayowaka, moto ulimzingira Nargis, Sunil Dutt akaingia kumwokoa, akaungua, na mwezi wa Machi 1958 wakaoana. Ni kisa kitamu, lakini ukikisimulia mapema mzee ataona wachumba mahali palipo na mama na mwana, na tukio la mwisho litaharibika.

Tukio hilo usilikatishe hata kama umeme unayumba na wajukuu wamelala. Radha, aliyekubali kulima kwa kuvuta jembe mwenyewe badala ya ng'ombe ili wanawe wale, anamwelekezea bunduki Birju aliyemteka binti wa kijiji siku ya harusi yake. Bibi hufumba macho hapo kila mara, kisha hunishika mkono na kuniuliza, "Ameshapiga?" Mjibu mzee wako ukweli, halafu uyaache maji ya mfereji yapite, yakiwa mekundu kwanza, mpaka yatakapotakata.