Ofisi ikikuhamishia Dodoma, anza hivi

Uamuzi wa makao makuu ya serikali kuja Dodoma ni wa 1973 ila wengi tumefungasha mabegi baada ya 2016, kwa hiyo we sio wa kwanza. Wiki ya kwanza nenda masjala ukae na yule mama wa mafaili, yeye ndo anajua nani anasaini nini, na kama mfumo wa kompyuta ni mpya mwombe kijana wa IT akuonyeshe hatua moja moja huku unaandika kwenye daftari, mi nilijaza kurasa nne na zimeniokoa sana jamani. Chumba tafuta njia ya daladala za Mtumba, kule kwenye mji wa serikali. Bosi muulize mapema: kazi zangu za zamani anachukua nani? Familia ikibaki Dar, treni ya SGR ipo, pangeni kabisa tarehe za kuonana.